Roboti wa kugeuka kwa mtoto wako: kumchagua, kumfundisha mtoto, kumtengeneza na kumjengea kituo, mwongozo kamili

Wazazi wenzangu, mimi nauza vitu vya shule na midoli ya watoto hapa Busia upande wa Uganda, na kila mwaka zile siku za katikati ya Krismasi na mwaka mpya meza yangu inageuka hospitali. Mama analeta mguu wa roboti kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, baba analeta roboti aliyekwama nusu gari nusu mtu, na mtoto yuko nyuma yake macho mekundu. Nikiuliza ilikuwaje jibu karibu kila mara ni lile lile, mtoto alijaribu kumgeuza akashindwa, akaita baba, baba naye hajui ila hataki kuonekana hajui, akavuta kwa nguvu, kap!

Kwa hiyo nimeamua niandike yote ninayojua kuhusu hawa maroboti, wale unaowakunja wakawa gari au ndege kisha unawafungua wakawa mtu, kuanzia kununua mpaka kutengeneza. Msimamo wangu nauweka hapa mapema: roboti anayemfaa mtoto ni yule ambaye mtoto anaweza kumgeuza mwenyewe, kwenda na kurudi, bila kuita mtu. Taa, kelele, ukubwa, jina kwenye boksi, hayo yote yanakuja nyuma. Roboti ambaye baba ndiye anamgeuza kila siku ni wa baba, mtoto ameshikishwa tu.

Kwanza ujue hawa maroboti ni wa aina gani

Watu wengi wanafikiri maroboti wa kugeuka ni kitu kimoja, unachagua rangi basi. Sivyo. Kampuni ya Kijapani Takara ilikuwa na midoli yake ya Diaclone tangu 1980, halafu Micro Change, na Hasbro ya Marekani ikachukua hiyo midoli ikaiunganisha ikaipa jina Transformers, ikaingia sokoni 1984. Wale wa kwanza walikuwa na vipande vingi, vingine vya chuma, na walitaka vidole vya mtoto aliyekomaa. Mtoto wa miaka minne hapo anaangalia tu.

Ndiyo maana baadaye ikaja laini ya watoto wadogo, Rescue Bots, chini ya Playskool Heroes ya Hasbro hiyo hiyo, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Wa msingi ni wanne: Heatwave ni gari la zimamoto, Chase ni gari la polisi, Blades ni helikopta na Boulder ni greda la kusukuma udongo. Optimus Prime na Bumblebee, wale maarufu wa Transformers, nao wapo ila wamefanywa wanene, pembe za mviringo, mikono mikubwa ya kushika. Wengi wao wanageuka kwa tendo moja tu, unavuta kiwiliwili juu au unakunja, mwili wote unafuata. Mimi huyu ndiye nampenda kwa mtoto anayeanza, na nasema hivyo hata kama faida yangu kwake ni ndogo. Kutoka Korea Kusini kuna Robocar Poli, katuni yake ilianza 2011, ana polisi Poli, zimamoto Roy, ambulansi Amber na helikopta Helly, hawa pia ni rahisi na watoto wanawapenda sana. Na kuna Super Wings, hao ni ndege zinazogeuka maroboti, Jett yule mwekundu anapeleka mizigo kwa watoto duniani kote.

Sasa kwenye boksi tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni umri, 3+, 6+, 8+, na usiudharau. Cha pili ni idadi ya hatua za kugeuza, maboksi ya Hasbro ya miaka ya karibuni mara nyingi yanaandika, na hiyo namba inakuambia zaidi kuliko picha. Kwa uzoefu wangu wa mezani, mtoto wa miaka mitatu minne mpe wa hatua moja hadi tatu, wa miaka mitano sita anaweza kupanda mpaka saba nane akifundishwa, na wa hatua kumi na tano kwenda juu ngoja mpaka awe na miaka minane au awe amekuonyesha mwenyewe kwamba wale wadogo amewamaliza. Kama boksi halina namba, hesabu viungo kwa macho, kila kinachopinda ni hatua.

Na ukweli mwingine, mtoto mmoja si sawa na mwingine. Kuna binti wa jirani yangu hapa, miaka mitano tu, anageuza roboti wa hatua kumi na mbili huku anaongea na wewe. Kaka yake wa miaka minane anataka wa hatua moja ili mchezo uanze haraka. Wote wako sawa. Na tuache kuuliza kama roboti ni wa kiume, wasichana wengi wananiletea wagonjwa wao na wanajua kila kiungo kwa jina.

Kumkagua pale pale sokoni

Ukinunua Kikuubo kule Kampala kwa jumla, au dukani, au soko la Owino kwenye marobota ya mivumba, yaani mitumba, au hapa mpakani, ukaguzi ni ule ule, dakika tano tu. Muuzaji akikuambia "boss, usifungue boksi," mjibu kwa heshima kwamba utanunua ukishamuona akigeuka. Muuzaji mzuri atafungua. Mimi nafungua.

Anza kwa pua. Harufu kali ya kemikali inayokupiga ukifungua tu, mwache. Halafu chovya kidole kwenye mate au maji, sugua rangi mahali pa nyuma, rangi ikitoka kwenye kidole itatoka pia kwenye mdomo wa mtoto, na rangi mbaya inaweza kuwa na madini ya risasi, kitu ambacho kinaharibu ubongo wa mtoto polepole. Hilo silifanyii mzaha. Pitisha kingo zake kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono wako karibu na kiganja, zikikwaruza wewe zitamkata yeye.

Sasa viungo. Mshike roboti kiunoni na mapajani maana hapo ndipo wanapofia, kisha mabegani. Angalia kama kuna mstari mweupe kwenye plastiki ya rangi karibu na pini. Huo weupe maana yake plastiki imeshapinda kupita kiasi na itakatika, labda leo, labda Jumapili. Sehemu za plastiki inayoonyesha ndani, kama vioo vya gari, zikiwa ndizo zimebeba kiungo ogopa, plastiki hiyo ni ngumu lakini inavunjika upesi kama glasi. Kisha mgeuze mara tatu kamili, mara moja haitoshi. Akiwa gari msukume juu ya meza, magurudumu yote yaguse na mikono isifunguke njiani. Akiwa roboti msimamishe uhesabu kumi, akianguka mwenyewe kwenye meza iliyonyooka basi nyumbani ataanguka siku nzima na mtoto atakasirika siku nzima.

Mgeuze mgongo uone kama ana skrubu. Roboti wa skrubu anatengenezeka, roboti aliyegandishwa kwa gundi akivunjika ndani ndiyo kwaheri.

Kuhusu feki. Zipo nyingi sana, jina limebadilishwa herufi moja, picha ya boksi haifanani na kilicho ndani. Sitasema zote ni mbaya, maana wazazi wengi hapa hawana hela ya zile halisi na kuna feki ambazo zimedumu miaka mitatu mikononi mwa watoto watatu. Ila usiziamini kwa alama. Alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, au ile duara yenye uso wa mtoto na mstari mwekundu imeandikwa 0-3, mtu yeyote anaweza kuichapa kwenye karatasi. UNBS ndiyo inasimamia viwango hapa kwetu lakini haiwezi kusimama kwenye kila meza, kwa hiyo pua yako na vidole vyako ndiyo kinga yako ya mwisho.

Betri, sumaku na vipande vidogo, hapa tusimame

Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, hata kama roboti si wake, chukua ile bomba ya karatasi inayobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote cha roboti kinachopita ndani ya hiyo bomba, risasi ya kufyatua, ngumi inayochomoka, gurudumu, kinaweza kumkaba. Kipimo cha maabara ni kidogo zaidi, kikopo cha upana wa milimita 31.7, lakini bomba ya tishu inakupa nafasi ya usalama na kila nyumba inaweza kuipata.

Kibaya kuliko vyote ni betri za kidonge, zile bapa kama za saa, ziko kwenye maroboti ya taa na sauti. Mtoto akimeza na ikakwama kooni, umeme wake ukikutana na unyevu unatengeneza kemikali inayochoma nyama, na inaweza kuanza kumjeruhi vibaya ndani ya saa mbili. Hata betri ambayo haiwashi tena bado inachoma. Zile pana kama sarafu, milimita 20, ndizo hatari zaidi kwa sababu zinakwama. Ukishuku tu kwamba amemeza usingoje dalili, usimtapishe, panda boda nenda hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo uwaambie wazi ni betri. Sumaku nazo, akimeza mbili zinavutana kupitia kuta za utumbo na kutoboa.

Kwa hiyo mlango wa betri lazima uwe na skrubu. Kama ni wa kubonyeza tu, toa betri, roboti asiyewaka bado ni roboti. Kusema kweli mimi nawashauri watu wachukue wasio na betri kabisa, mtoto mwenyewe anapiga king'ora kwa mdomo na hachoki.

Ukimtoa kwenye mivumba, muoshe hivi

Kwenye marobota ya mivumba kuna bahati kubwa, roboti halisi wa Ulaya kwa bei ya rolex chache, zile chapati za mayai, lakini ametoka mbali na hujui alilala wapi. Fungua mlango wa betri kwanza, mara nyingi kuna betri ya zamani imevuja unga mweupe au wa kijani, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, mikono uvae kaveera. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, mswaki wa zamani kwenye viungo. Mwenye spika ndani usimzamishe, mfute tu. Usitumie jiki, inakula pini za chuma. Na usitumie petroli, thina au dawa ya kutolea rangi ya kucha, plastiki nyingi za hawa maroboti ni ABS na inayeyuka ikiguswa na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha, utaona uso wa roboti unateleza. Mkung'ute, mkunje viungo maji yatoke, mwanike kivulini siku nzima. Pini zikibaki na maji zinashika kutu na kiungo kinaganda. Jua la dirishani nalo linapausha plastiki nyeupe inakuwa njano.

Kama ni wa zamani sana na plastiki yake ni ya dhahabu yenye mawimbi kama marumaru, mguse polepole. Kuna plastiki za dhahabu za miaka ya 80 na 90 ambazo zinaoza zenyewe kwa ndani na kupasuka hata ukimshika vizuri. Huyo weka kabatini, usimpe mtoto.

Kumfundisha mtoto kugeuza

Hapa ndipo wazazi wengi wanakosea, na ndipo penye furaha yote.

Jifunze wewe kwanza usiku mtoto akilala. Mgeuze polepole na kila hatua piga picha kwa simu, karatasi ya maelekezo itapotea siku ya pili lakini simu ipo. Anza kwa upande wa gari kwenda roboti maana kufungua ni rahisi kuliko kufunga, kufunga kunataka kila kipande kikae mahali pake.

Kesho yake usimpe mtoto roboti mzima akiwa gari ukamwambia geuza. Geuza wewe hatua zote mbele yake, ukiacha ile ya mwisho kabisa, labda ni kuinua kichwa au kufungua ngumi. Mpe hapo amalize. Anamaliza yeye, roboti anatokea mikononi mwake, uone hicho kicheko! Rudia mara kadhaa, halafu siku nyingine mwachie hatua mbili za mwisho, kisha tatu, unarudi nyuma namna hiyo mpaka siku moja unagundua wewe hufanyi kitu tena. Kijana wangu mdogo alichukua siku sita kwa roboti wa hatua saba na hakulia hata mara moja. Mkubwa wake nilimfundisha kwa kuanzia mwanzo na tulichukua wiki tatu na kelele nyingi, na bado najutia hizo wiki.

Mpe maneno ya kushika. Msiseme "hatua ya nne", semeni "mgongo unaamka, miguu inateremka, mikono inatoka mifukoni, kichwa kinachungulia". Tunga wimbo wenu kwa lugha ya nyumbani, Kiswahili, Lusamia, Kinubi, yoyote. Mtoto anayeimba hatua hasahau mpangilio, na mpangilio ukiwa sawa hakuna kinachokwama.

Sheria ya nyumba ni moja: kikigoma, simama. Kiungo kinachogoma kinakuambia kuna kingine hakijatoka njiani, kuna kijino kimeshikwa mahali. Mfundishe arudi hatua moja nyuma atazame. Baba pia sheria hii inamhusu, tena yeye zaidi. Na kama mkono ukichomoka wenyewe kwenye kiungo cha duara, mwambie asiogope, maroboti wengi wametengenezwa wachomoke hivyo ili wasivunjike, unasukuma tu unarudi.

Akiugua: matengenezo ya mezani

Vifaa: bisibisi ndogo ya nyota, kama huna omba kwa fundi simu, rangi ya kucha isiyo na rangi, supagluu, vijiti vya meno, kibanio kidogo, springi za kalamu zilizokwisha, klipu ya karatasi. Weka sahani nyeupe chini ya kazi maana skrubu zinaruka. Ukifungua, piga picha kabla ya kugusa springi.

Kiungo cha duara kilicholegea, yale mafundi wa magari wanaita boljointi, ndio ugonjwa namba moja, roboti hawezi kuinua mkono. Chomoa, paka lile duara rangi ya kucha kwa safu nyembamba sana, liache nje likauke kabisa, mimi naacha usiku mzima, ndipo urudishe. Bado limelegea? Safu ya pili. Ukirudisha bichi litaganda humo na hutalitoa tena, nimeshafanya kosa hilo na mtoto wa watu akapata roboti wa mkono mmoja ulionyooka milele.

Kiungo kilichokaza kupita kiasi usikipige mafuta ya kupikia, yanageuka gamu na kuvuta vumbi. Loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika chache plastiki ilegee, kichezeshe taratibu. Vitu laini kama pembe, antena na upanga vikipinda, viweke kwenye maji moto kidogo, nyoosha, kisha tumbukiza kwenye maji baridi vishike umbo. Hii kazi ni ya mkubwa, maji ya moto na watoto hapana.

Skrubu inayozunguka bila kushika, tundu lake limeliwa. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi, tia tunduni, kata kilichozidi, ngoja kikauke, funga skrubu taratibu. Inashika kama mpya.

Mguu uliokatika kabisa, watu wanakimbilia supagluu peke yake. Haitoshi, kiungo kinabeba uzito, kitaachia. Toboa tundu dogo kila upande wa mkatiko, pima yakutane, kata kipande cha klipu ya karatasi kama sentimita moja, nusu iingie huku nusu kule, ndipo utie supagluu. Kiache kesho. Sasa kama plastiki yenyewe inateleza kama sabuni hata ikiwa kavu, hiyo gundi haiishiki, hapo tegemea pini tu. Na usitie supagluu karibu na vioo vyake, moshi wake unaacha ukungu mweupe usiotoka.

Gurudumu lisilozunguka, tisa kwa kumi ni nywele na nyuzi za zulia, toa kwa kibanio. Kifyatuo kilichopoteza springi, kata ya kalamu ujaribu fupi kwanza, isije ikarusha risasi kwa nguvu kuliko ya kiwandani.

Kituo cha maroboti kwa katoni moja

Vituo vya dukani ni vizuri, sikatai, lakini bei yake ni maroboti wengine watatu, na sijaona mtoto anayekipenda kama kile alichojenga mwenyewe. Tunajenga kituo cha zimamoto cha ghorofa mbili. Jumamosi moja inatosha na nusu ya kazi ni ya mtoto.

Katoni chukua ya sabuni au ya biskuti, ngumu, isiyonuka samaki, ya mukene, yaani dagaa, achana nayo mende watahamia. Gundi pika nyumbani, unga wa muhogo vijiko viwili kwenye kikombe cha maji, koroga juu ya moto mdogo mpaka iwe uji unaovutika, acha ipoe. Inashika karatasi vizuri kuliko gundi nyingi za chupa. Ila nayo mende wanaipenda, kwa hiyo kituo kisilale jikoni.

Vipimo usitumie rula, tumia roboti. Msimamishe mrefu kuliko wote ndani ya katoni, juu ya kichwa chake ongeza vidole vitatu, weka alama, hapo ndipo dari la chini. Mgeuze gari, upana wake ongeza vidole viwili, huo ni mlango. Watu wanapima gari wanasahau roboti anasimama, kisha kichwa kinagonga ghorofa. Mlango kata pande tatu tu, upande wa juu uache uwe bawaba, mtoto anauinua na kuuacha uanguke.

Ghorofa ni kipande cha katoni kinachokaa juu ya vijiti vinne vilivyopenya kuta kutoka upande hadi upande. Usitegemee gundi kubeba maroboti, vijiti vibebe. Kona moja ya ghorofa acha tundu la lifti. Lifti yenyewe ni kiboksi kidogo cha dawa ya meno kilichokatwa, kimefungwa uzi pembe nne, uzi unapanda kwenye kijiti kilichopita juu ya kuta, na nje ya ukuta unapinda waya uwe mpini wa kuzungusha. Roboti mzito anavuta lifti chini? Tia kokoto ndogo kwenye kaveera, ning'iniza upande wa pili wa kijiti, uzi ukizungushwa kinyume. Mtoto wangu wa miaka saba aligundua mwenyewe ni kokoto ngapi zinalingana na Heatwave, ni saba.

Mteremko wa magari utoe kwenye mfuniko wa katoni, mrefu mara tatu ya kimo chake, la sivyo gari linapinduka mwishoni. Juu ya paa weka kifuniko cha jerikeni kiwe uwanja wa helikopta. Rangi, makaa na majani na chochote, hapo nyamaza mwachie yeye.

Kituo kikiwepo mchezo unabadilika. Zamani ilikuwa roboti kupiga roboti mpaka mmoja avunjike, sasa kuna mtu wa kuokolewa. Watoto wetu huku wanajua mafuriko, wanasikia wakubwa wakiongea habari za mto Manafwa ukifurika, na nimewaona wakiweka beseni la maji, daraja la kijiti, kuku wa plastiki amekwama ng'ambo, na Boulder anasukuma udongo huku Blades anashuka na uzi. Hapo nawafundisha namba za kweli pia, 999 au 112, anayecheza mpiga simu lazima aseme yuko wapi, kuna nini, watu wangapi. Mtoto wangu mdogo sasa anaanza kwa kusema "niko Busia, karibu na kwa nyanya".

Kuweka

Jioni maroboti walale wakiwa magari, viungo vimepumzika na vipande vya nje haviningʼinii. Kituo kipande juu ya kabati, mbali na ukuta unaolia maji wakati wa mvua. Na chukua kibati kimoja chenye mfuniko, kila kipande kinachoanguka, hata kama hujui ni cha nani, kinaingia humo, kibati kikae juu asipofika yule mdogo anayetambaa. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea Chase asiye na mlango, nikamuuliza kama anacho kibati. Alikuwa nacho. Mlango ulikuwa humo tangu Pasaka, pamoja na pini yake, na tulimfunga pale pale mezani mtoto akimshikilia miguu.